Mifupa Haiendi Pwani

Mkuu wa tawi ameniomba niwaandikie nyinyi mnaobaki kurasa chache kuhusu miaka yangu ya kazi, na akanishauri nizigawe katika mafanikio na changamoto. Nimemshukuru kwa ushauri. Mafanikio yangu yamesimama pale ukumbini, yana miguu minne na hayana pembe. Changamoto nyingine bado zinaripoti kazini kila asubuhi, kwa hiyo siwezi kuzitaja kwa majina. Nitaandika ninavyojua mimi, tangu siku niliyoingia mpaka siku niliyokabidhi funguo, na humo ndani nitaeleza kwa nini tembo wetu yuko Tabora hadi leo wakati lori la kumchukua lilikuja, likapakiwa nusu na likawashwa. Mmeisikia habari hiyo kwa watu wengi. Wengi wao hawakuwepo.

Vyeo sitavitaja. Havikuwa vingi, na hakuna hata kimoja kilichosafisha mfupa.

Siku ya kwanza nilikuja nimevaa viatu vya mvua. Nilikuwa nimeomba kazi ya maktaba, lakini karani wa ajira, mama mmoja aliyekuwa akisuka ukili huku akisikiliza shida za watu, akaniambia maktaba imejaa ila kwa wanyama kuna nafasi. Sikuuliza wanyama gani. Mimi ni mtoto wa Isevya, baba yangu fundi seremala, mifugo yetu ilikuwa kuku tu. Nikadhani chuo kina zizi. Wakati huo hakikuwa chuo kikuu bado, kilikuwa chuo cha walimu, na hayo yanayoitwa leo Makumbusho ya Viumbe yalikuwa chumba kimoja kirefu nyuma ya maabara ya baiolojia. Nikabisha hodi. Ndani kulikuwa na mzee mwembamba mwenye koti jeupe lililokwisha kuwa la kijivu, amezungukwa na nguchiro, bundi, fisi na nyani, wote kimya, wote wananitazama.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti. Umekuja kufanya nini na hivyo viatu?"

"Kulisha wanyama."

Akageuka akawatazama wanyama wake mmoja mmoja kwenye rafu, taratibu, kama mwenye nyumba anayewaangalia wageni waliomaliza kula.

"Hawa wameshashiba," akasema. "Njoo uwafute vumbi."

Huyo ndiye Mzee Gervas, mwalimu wangu. Wazazi wake walitoka Burundi, yeye akakulia Ulyankulu, Mkatoliki wa kupiga magoti hata mahali pasipo na kanisa. Kabla ya kupasua mnyama alikuwa akifanya ishara ya msalaba. Mimi nilikuwa nasema bismillahi. Kwa hiyo kila mnyama aliyefika mikononi mwetu amesomewa na pande zote mbili, na sijui kama kuna makumbusho mengine yenye bahati hiyo.

Alinifundisha kazi kwa maneno machache na kwa kunipiga brashi vidoleni. Ngozi huvuliwa bila haraka, kisu kidogo, makali kila mara. Pamba haisindiliwi, la sivyo ndege anakuwa mnene kuliko alivyokuwa hai na wanafunzi wanacheka. Fomalini hufunguliwa dirisha likiwa wazi, na atakayekuambia ameshaizoea, mpeleke akapimwe macho. Mifupa midogo tuliisafisha kwa wadudu: mende wadogo weusi wanaokula nyama iliyokauka, tuliowafuga ndani ya tranka la bati kama lile la wanafunzi wa bweni. Unaweka panya, unafunga, unakwenda zako, ukirudi baada ya siku kadhaa unakuta mifupa mitupu imelala vizuri. Sikuwahi kuwa na wafanyakazi wenzangu hodari kama wale. Hawakuomba likizo na hawakuitisha kikao. Ila wakitoroka wanakula makumbusho yote, kwa hiyo tranka liwe na kofuli, na kofuli likaguliwe. Hilo nimeshawaambia kwa mdomo na sasa nawaambia kwa maandishi.

Kifaa chetu kikubwa kilikuwa mswaki. Mswaki mpya ni mgumu, unakwaruza mfupa. Mzee Gervas alitaka iliyotumika, na alipita kwa wakufunzi akiiomba mlango kwa mlango, kwa adabu zote. Mke wa mkufunzi mmoja alidhani tuna njaa, akatuletea viazi.

Wageni wetu wa mwanzo walikuwa wanafunzi wa chuo, ambao walikuja kwa kulazimishwa. Wageni wetu wa kweli walikuwa wengine. Hatuko mbali na hospitali ya Kitete, na watu wanaotoka vijijini kuuguza ndugu zao wana saa nyingi za kungoja muda wa kuona wagonjwa. Wakagundua kuna chumba chenye kivuli na wanyama, wakaja. Mama na kapu lake la uji, baba na kofia mkononi, watoto waliokwisha kulia wakanyamaza. Mzee Gervas hakuwahi kumfukuza mtu. Na hakuwahi kumwambia mtu asiguse. Mkufunzi mmoja alipotuletea kibao cha "USIGUSE", Gervas alikigeuza akakatia juu yake ngozi ya ngiri. "Waache waguse," alisema. "Mtu aliyetoka kumshika mgonjwa mkono siwezi kumkataza fisi."

Sasa tembo.

Habari zilikuja kutoka porini upande wa Sikonge. Askari wa wanyamapori walikuta tembo dume amelala amekufa, mkubwa, uso umekatwa kwa msumeno, pembe hakuna. Waliofanya hivyo hawakuonekana, na sikusikia kama waliwahi kuonekana. Chuo kikaulizwa kama kinataka mifupa. Mkuu wa wakati huo akamuuliza Gervas, Gervas akaniuliza mimi, na mimi nikasema ndiyo kwa sababu nilikuwa sijawahi kuona tembo aliyekufa. Sasa nimeona. Kama bado hujaona, amini tu.

Tulikaa kambini huko mpaka nywele zetu zikawa na harufu ambayo mume wangu, Mungu amrehemu, alisema ingemfaa chui. Tulikata, tukawaachia tai na siafu sehemu yao, tukarudi na mifupa kwenye trela la trekta imefunikwa majani. Nyuma ya maabara tukapanga mapipa tukaichemsha. Ulikuwa mwezi wa ukame, upepo unavuma kuelekea mtaani. Mwenyekiti wa mtaa alikuja ameziba pua na leso, akauliza tunapika nini.

"Supu ya serikali," Gervas akamjibu. "Karibu."

Hakurudi tena.

Kumsimamisha kulichukua muda mrefu kuliko kumleta. Hatukuwa na picha nzuri, tulikuwa na kitabu kimoja kilichochanika na paka wa jikoni ambaye Gervas alimshika miguu mara kwa mara kuona mfupa gani unakaa juu ya upi. Vyuma alichomelea fundi wa magari. Nyaya nilizisokota mimi, na makovu ninayo. Tulipofika mguu wa nyuma wa kushoto tukakuta mfupa mmoja wa kidole haupo. Tulichekecha majivu ya mapipa, tukarudi hata porini, hakuna. Huenda fisi anajua. Baba yangu akachukua kipande cha mninga kilichobaki kwenye kitanda cha maharusi, akaweka mbele yake kidole cha mguu wa pili, akachonga mfano wake, umegeuzwa kama kwenye kioo, mpaka ukafanana nacho kabisa. Nilitaka tukipake chokaa kisionekane. Gervas akakataa. "Mtu akiuliza, tumwambie kilipotea," akasema. Kwa hiyo kidole kile ni chekundu hadi leo, na kila mtoto wa shule aliyepita pale amekitafuta na kukipata na kufurahi kama ametuumbua.

Lakini swali la kwanza la kila mgeni halikuwa la kidole. Lilikuwa: pembe ziko wapi? Fuvu la tembo lina matundu mawili mbele, pale pembe zinapoota, mapana kiasi cha kuingia mkono. Tembo asiye na pembe anaonekana kama mtu aliyeng'olewa meno, hata asiyejua chochote anahisi kuna kitu kimefanyika. Mwanzoni nilikuwa najibu haraka, kwamba majangili walikata, basi. Mpaka alipokuja bibi mmoja kutoka Puge.

Alikuwa ameleta mjukuu Kitete. Mzee sana, amejifunga kaniki, ameegemea fimbo. Nilimwamkia, "Shikamoo bibi," akaitika, halafu akanisalimu na yeye kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka," na mimi nikaitika, kwa sababu watu wa mjini tunakifahamu zaidi ya tunavyokubali. Akamzunguka tembo kimya. Akafika mbele, akaingiza mkono kwenye tundu moja mpaka kiwiko, akauacha humo.

"Babu yangu alibeba iliyokuwa humu," akasema.

Nikamwambia kwa upole kwamba tembo huyu hajafa zamani hivyo.

"Najua, mwanangu, mimi si mjinga. Nasema alibeba ya namna hii. Kutoka huku mpaka baharini, begani. Akarudi bega moja limeshuka, na lilibaki hivyo hivyo mpaka anakufa. Tulikuwa tunamjua kwa mbali kwa lile bega." Akatoa mkono akaufuta kwenye kaniki. "Pembe zote zilipita hapa. Hamna hata moja?"

"Hatuna, bibi."

"Basi hii mifupa msiwape."

Sikumuuliza akina nani. Nilikuwa bado mdogo na nilikuwa na vumbi la kufuta. Lakini tangu siku hiyo mtoto akiuliza pembe ziko wapi, nilimjibu kirefu. Nilimweleza njia ya misafara, mzigo, bega, na mji huu ulivyokuwa mahali pa kupumzikia kabla ya kwenda mbele. Walimu walisema hiyo si baiolojia. Niliwaambia kengele ya somo langu haijalia.

Gervas alikufa miaka mingi baadaye, tukamzika Ulyankulu mvua ikinyesha. Ndege wote waliokuwa kwenye droo zetu alikuwa amewaandaa yeye, na mpaka siku ya lori kila nilipofungua droo nilikuta mikono yake. Kila ndege amelazwa chali, mabawa yamekunjwa, miguu imefungwa uzi kwa fundo lake lile la pembeni. Chumba kikabaki changu.

Chuo kikakua, kikawa tawi la chuo kikuu ambacho makao yake makuu yako pwani. Kompyuta zikaja, paa likaanza kuvuja. Mchwa wakala jukwaa la tembo, nikaweka matofali. Niliandika maombi ya bati mpaka nikachoka kuandika, na majibu niliyopata yalikuwa ya heshima sana.

Halafu akaja Profesa Kondo.

Nataka mumwelewe vizuri, kwa sababu waliowasimulia humfanya mtu mbaya ili habari iwe tamu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mkurugenzi wa makusanyo yote ya chuo kikuu, Mzaramo mrefu mwenye sauti ya taratibu, anayejua viumbe na anayewapenda. Alitembea chumbani kwangu nusu siku, akapiga magoti chini ya tembo, akakipata kidole cha mninga bila kuambiwa akatabasamu. Kesho yake akatuita kikaoni akasema kila kitu kinahamishiwa pwani. Kuna jengo jipya, lina kiyoyozi, halina mchwa. Ndege watatangulia, nyoka wa kwenye chupa watafuata, tembo atasimama ukumbini pale anapoingia kila mgeni.

Nikanyoosha mkono.

"Profesa, nyumba ikivuja tunaezeka. Hatumpeleki bibi kwa jirani."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka, alinijibu kama mtu anayejibu hoja, na kwa hilo namheshimu. "Bi Kalunde, mwanafunzi wa pwani naye hana haki ya kumwona tembo?"

"Anayo. Apande treni, inafika hapa. Babu zetu walikwenda kwa miguu."

"Na huyu tembo akiangukiwa na paa?"

"Lete bati."

Akasema bati si idara yake. Na kikao kikaisha hivyo.

Sikulala vizuri siku zile. Nilikwenda kwa mkuu wa tawi, Dokta mmoja wa Bukoba, mtu wa utaratibu, akaniambia uamuzi umeshatoka juu. Nilikwenda kwa mwakilishi wa wafanyakazi, akaniambia tembo si mwanachama. Nyamizi, mpishi wa kantini, ambaye ni kama mdogo wangu, akanivuta pembeni.

"Dada Kalunde, wewe si wa kustaafu sasa hivi? Nyamaza ule kiinua mgongo chako. Ukijitia kimbelembele watakuandikia utovu wa nidhamu, uondoke mikono mitupu. Kwa ajili ya mifupa?"

"Kwa ajili ya mifupa," nikamwambia.

Alikuwa na haki ya kuniogopea. Mimi mwenyewe nilijiogopea. Lakini nilikuwa na hasira, na nasema wazi kwamba ilikuwa hasira, si busara. Nilikuwa nimeona vitu vyote vizuri vya mkoa huu vikipakiwa kuelekea upande uleule. Mninga, asali, watoto wetu wenye akili. Sasa hata mifupa iliyobaki baada ya wezi kuchukua walichotaka.

Lori lilipokuja, nilimfungua tembo mimi mwenyewe. Msinishangae. Kama ilikuwa lazima afunguliwe, sikutaka mtu mwingine ashike koleo. Nilifungua nyaya nilizosokota nikiwa msichana, nikaweka kila mguu kwenye sanduku lake. Makabati ya ndege yalikuwa yameshapakiwa na kufungwa kamba. Fuvu nililiacha la mwisho. Hatukuwa na kitu laini cha kulifungia, nikatuma dukani ikaletwa bafta nyeupe, nikalizungushia. Vijana wa kubeba wakang'oa mlango wa stoo, wakaliweka juu yake, wakainua wote wanne, wakatoka nalo polepole barazani. Dereva akawasha gari.

Profesa Kondo alikuwa amesimama kwenye ngazi. Akaona kitu kikubwa kimevikwa nguo nyeupe, kimebebwa na wanaume, wanawake wa kantini wamesimama pembeni wameshika tama. Nadhani alitaka kunifariji, kwa sababu aliiona sura yangu. Akainua mkono akasema kwa sauti:

"Poleni na msiba, Wanyamwezi! Mzee wenu huyo anaondoka."

Hapo ndipo alipokosea.

Nyinyi vijana utani mnaujua kwa vichekesho vya kwenye simu, kwa hiyo nieleze kidogo. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani. Nilivyosimuliwa mimi, ulianzia katika njia ileile: watu wetu walipita kwao na mizigo, wengine walikufa huko, na aliyemzika mgeni akawa na haki ya kumtukana ndugu yake. Mtani anaweza kukuambia lolote na huruhusiwi kukasirika, ukikasirika ni aibu yako na ya ukoo wako. Na msibani mtani ndiye mwenye madaraka. Anaweza kulala kaburini, anaweza kukalia jeneza, na haliondoki mpaka apewe anachotaka. Nilikuwa nimepigana na mkurugenzi kwa wiki kadhaa na mkurugenzi hawezekani. Sasa yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, alikuwa ametamka msiba na kutaja kabila.

Nikaweka koleo chini.

"Mzee wetu?" nikamwambia. "Huyu? Profesa, mtazame vizuri. Miaka yote amesimama hapa kivulini, hafanyi kazi, anaangaliwa tu na watu. Huyu ni Mzaramo! Mnyamwezi angekufa na mzigo begani. Huyu ni babu yako, na msiba ni wako. Sisi ndio watani."

Wale vijana wanne wakasimama. Mlinzi wetu Mihayo, Mnyamwezi wa Uyui, alielewa kabla sijamaliza. Akavua kofia akajitupa chini mbele ya gurudumu la lori, chali, mikono kifuani, akapiga kelele, "Mimi ndiye kaburi! Nani ananichimba?" Nyamizi, yeye aliyeniambia ninyamaze, akakimbilia kantini akarudi amejipaka majivu usoni, ameshika upawa, akaanza kuliombolezea fuvu: walivyokula naye, alivyomaliza ubwabwa wote, alivyoondoka bila kuosha sahani. Vijana wakashusha mlango sakafuni. Nikakaa juu ya fuvu, nikapanga kanga yangu vizuri, nikamtazama Profesa.

Dereva akazima gari. Alikuwa Mgogo, na Wagogo nao ni watani zetu. "Mimi msiba siuvuki na gari," akasema, akashuka akaomba chai.

Watu walikuwa wanacheka mpaka machozi. Mimi nilicheka pia, kwa mdomo. Sikuwa natania hata kidogo na nilijua Profesa anajua.

Akashuka ngazi. Akatia mkono mfukoni, akatoa noti akanyoosha kama inavyotakiwa.

"Haya watani, chukueni ugoro, mtuache tuzike."

"Ugoro hatutaki," nikasema.

"Asali?"

"Asali ni yetu."

"Basi mnataka nini? Semeni."

"Pembe."

Kicheko kikapungua.

"Pembe mbili za huyu babu yako," nikasema. "Zilipita kwenu zote, mabegani mwetu. Uliza wazee wako zilikokwenda. Lete pembe, uchukue mifupa yote, na fuvu hili nitakubebea mimi kichwani mpaka baharini kwa miguu. Bila pembe, hatoki mtu."

Alichuchumaa mbele yangu, akafunua bafta kidogo, akalitazama tundu. Kisha akafanya alichofanya yule bibi wa Puge, akaingiza mkono. Sikuweza kujua anafikiri nini. Naweza kusema tu kwamba angeweza kumwita mkuu wa tawi, ambaye alikuwa dirishani na hakuwa anacheka, na mimi ningeinuliwa pale na kufukuzwa kazi mchana huohuo. Kisheria alikuwa sahihi. Akatoa mkono, akasimama, akajipangusa magoti.

"Nikikasirika hapa," akasema, "nitachekwa mpaka Bagamoyo." Akawageukia vijana. "Mrudisheni ndani."

Kumbukeni vilevile kilichoondoka. Makabati ya ndege yalikuwa yameshafungwa kamba, na lori likaenda nayo. Nilimwomba Profesa, mara hii bila utani, akaniambia tembo ataweza kumtetea kwa wakubwa wake abaki, lakini ndege hataweza kuwatetea. Ndege wa Gervas wako pwani, ndani ya kiyoyozi, na fundo lake la pembeni. Wanatunzwa vizuri, nimeambiwa. Sijasamehe na sitajifanya nimesamehe.

Mkuu wa tawi aliniita nijieleze. Akaniuliza kama ni kweli nilizuia mali ya chuo kikuu. Nikamwambia nilizuia maiti ya mtani. Hakuona cha kuchekesha, na kwa kweli hakukuwa na cha kuchekesha. Akampigia Profesa Kondo simu mbele yangu, akaiweka sauti wazi ili nisikie adhabu yangu inavyopangwa.

"Aliyezuiwa ni mimi," Profesa akasema, "na sijakasirika. Sasa Dokta, wewe unakasirika kwa niaba ya nani?"

Msimu uliofuata bati mpya zikaja. Sikuuliza zimetoka idara gani. Tukamsimamisha tembo upya, kidole cha mninga mahali pake, na wakati huu mafundi tulikuwa na picha nzuri na hatukumsumbua paka.

Siku ya kuniaga mlikuwepo, ila nadhani wengi mlikuwa kwenye pilau. Profesa Kondo alikuja kwa treni, kusudi, akaniambia alitaka kuona kama inafika kweli. Alikuwa na mzigo mrefu umefungwa mkeka. Akauweka mbele ya tembo akaufungua: pembe mbili, zimechongwa kwa mti wa mnazi, zimepinda vizuri, zimesuguliwa hadi zinang'aa. Kazi ya mikono mizuri sana.

"Mtani," akasema, "nimeleta pembe. Nipe mifupa yangu."

Ukumbi mzima ukashangilia. Nikazishika. Kwa kweli ni nzuri. Nikazigonga kwa kidole.

"Mnazi," nikasema. "Tembo wetu hakuwahi kuonja nazi."

"Mbona kidole cha mninga mlikikubali?" Akanyoosha mkono kule nyuma mguuni, kwa ushindi. Alikuwa ameliandaa swali hilo njia nzima, nilimwona.

"Kidole kilipotea, Profesa," nikamwambia. "Pembe hazikupotea."

Akaitikia kwa kichwa, akavaa kofia yake, tukaenda kula.

Pembe zile za mnazi nimezipigilia nyuma ya mlango wa stoo, mtundike makoti yenu. Msizipachike kwenye fuvu, hata akija mgeni mkubwa, hata mtu akisema zinapendeza. Matundu yale yabaki wazi. Kofuli la tranka likaguliwe. Mswaki uwe uliotumika. Na ikitokea tena mtu mwema amekuja na lori na sababu nzuri, muulizeni kabila lake kwanza. Kama si mtani, kaeni juu ya fuvu vilevile.

Mtoto akiuliza pembe ziko wapi, mwambie zilikwenda pwani. Akiuliza, na mifupa je, mwambie aguse.